Barua ya wazi kwa wasimamizi wa fedha za utafiti wa Aktiki nchini Kanada: kipimo cha miaka hamsini hakiishi kwa ruzuku ya miaka mitano

Kwa Waheshimiwa Mawaziri mnaosimamia sayansi, maliasili, mazingira na masuala ya Kaskazini katika Serikali ya Kanada. Kwa wakuu wa mabaraza ya shirikisho yanayotoa ruzuku za utafiti. Na kwa uongozi wa shirika la Polar Knowledge Canada na wa Mpango wa Polar Continental Shelf.

Kwa heshima na taadhima, nawaandikia kuhusu namna fedha za umma zinavyogawiwa kwa utafiti wa kisayansi katika Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, na hasa kwa ile sehemu ya utafiti ambayo thamani yake haionekani mpaka iwe imeendelea kwa miongo. Mimi ni mhasibu wa ruzuku za utafiti katika chuo kikuu kimoja cha Ontario. Sijifanyi mwanasayansi. Kazi yangu ni kupokea barua za kukubaliwa kwa maombi, kufungua akaunti, kuidhinisha malipo, kufunga hesabu na kujibu hoja za wakaguzi, na katika kazi hiyo mtu huona mambo ambayo mwandishi wa ombi la fedha hayaoni, na aliyeliidhinisha hayaoni kabisa. Nakala ya Kiingereza ya barua hii imeshatumwa kwenye ofisi zenu. Hii naichapisha kwa Kiswahili kwa sababu walipakodi wa Kanada wanaozungumza lugha hii, kuanzia Toronto hadi Edmonton, wanalichangia fungu hilo kama wengine na wanastahili kujua linavyoendeshwa. Na pia kwa sababu yanayopimwa kule juu yana uhusiano na Nairobi na Geita, kama nitakavyoeleza.

Nianze na Eureka. Kituo cha hali ya hewa cha Eureka, katika kisiwa cha Ellesmere huko Nunavut, kaskazini mwa Kanada, kilianzishwa mwaka 1947 kwa ushirikiano wa Kanada na Marekani, kwenye latitudo ya nyuzi 80 kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Mazingira ilijenga maabara ya kuchunguza ozoni, gesi ya angahewa ya juu inayoikinga dunia na miale mikali ya jua, juu ya mgongo wa mlima, kilomita 15 hivi kutoka kituoni na mita 610 juu ya usawa wa bahari. Maabara hiyo ilifanya kazi kwa muongo mmoja hivi, ikaishiwa fedha, ikafungwa. Mwaka 2005 kundi la wanasayansi wa vyuo vikuu likiongozwa na James Drummond likaifufua kwa jina la PEARL. Sehemu kubwa ya fedha za kuiendesha ilitoka kwenye Wakfu wa Kanada wa Sayansi ya Tabianchi na Angahewa, uliokuwa umeundwa mwaka 2000 na kupewa na serikali jumla ya dola milioni 110. Fedha hizo zilipokwisha hazikuongezwa nyingine, na tarehe 30 Aprili 2012 PEARL ikasimamisha kazi ya mwaka mzima.

Naomba mzitazame tarehe hizo kwa makini. Majira ya kuchipua ya mwaka 2011, ozoni juu ya Aktiki ilipungua kwa kiwango ambacho wanasayansi, katika makala iliyotoka kwenye jarida la Nature mwezi Oktoba mwaka huohuo, walikilinganisha kwa mara ya kwanza na lile tundu la ozoni la Antaktika. Vyombo vya Eureka vilikuwa kazini na vilirekodi. Miezi michache tu baada ya ugunduzi huo kutangazwa, maabara ikaanza kufungasha. Gharama ya kuiendesha ilikuwa takriban dola milioni moja na nusu kwa mwaka. Mwezi Agosti mwaka huohuo wa 2012, serikali ilitangaza dola milioni 142.4 za kujenga na kuweka vifaa katika kituo kipya cha utafiti wa Aktiki huko Cambridge Bay, zaidi ya kilomita 1,200 kusini mwa Eureka.

Sisemi kwamba kituo cha Cambridge Bay hakikuhitajika. Kilizinduliwa rasmi mwaka 2019, kinafanya kazi nzuri, na kuwa na kituo kikubwa ndani ya mji wanamoishi watu kuna faida ambazo kilele cha Ellesmere hakiwezi kuzitoa. Ninachosema ni kwamba serikali ileile, katika mwaka uleule, ilipata fedha za kujenga na ikakosa fedha za kuendesha, na kiasi kilichokosekana kilikuwa takriban asilimia moja ya kiasi kilichopatikana. Katika bajeti za nchi nilikozaliwa kuna vitabu viwili tofauti, kimoja cha matumizi ya kawaida na kingine cha miradi ya maendeleo, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua ni kipi viongozi hupenda kukizungumzia. Mradi una jiwe la msingi na utepe wa kukata. Dizeli ya jenereta, mshahara wa fundi anayepanda mlimani kufuta theluji kwenye kioo cha darubini, na nauli ya ndege ya kumrudisha nyumbani havina sherehe. Kanada wakati huo haikuwa na vitabu viwili vya namna hiyo, lakini ugonjwa ulikuwa uleule.

Baada ya kelele nyingi, mwezi Mei 2013 PEARL ilipata dola milioni 5 kwa miaka mitano kupitia baraza la sayansi asilia na uhandisi, NSERC. Fedha hizo zilitoka kwenye mpango wa dola milioni 35 uliotangazwa katika bajeti ya 2011, ambao nao ulikuwa na mwisho wake. Mwisho huo ulipokaribia, maabara ilijikuta tena palepale, na mwezi Novemba 2017 ikatangazwa kuwa itapewa karibu dola milioni 1.6 ili ifike vuli ya 2019. Kwa hiyo maabara moja, juu ya mlima mmoja, inayopima hewa ileile, imeshafungwa mara moja, ikasimamishwa mara moja na kuokolewa dakika za mwisho mara mbili, katika kipindi kisichofika miaka ishirini.

Kinachonisumbua zaidi kuliko fedha zenyewe ni kwamba, katika mlolongo wote huo, hakuna aliyeamua kuifunga. Mtafute waziri aliyetia saini barua inayosema kwamba Kanada haihitaji tena kupima ozoni kwenye nyuzi 80 kaskazini. Hamtampata, kwa sababu barua hiyo haikuandikwa. Wakfu ulikwisha muda wake kwa mujibu wa masharti yake. Mpango uliofuata ulikuwa na vigezo vyake na ratiba yake. Kila ofisi ilifuata utaratibu kwa uaminifu, na matokeo ya uaminifu huo wote yakawa ni vyombo kuzimwa. Kama serikali inaona kipimo fulani hakina faida, ina haki ya kukisitisha, na mimi nitafunga akaunti bila kunung'unika. Lakini kukisitisha kuwe ni uamuzi wenye jina la mtu na sababu zilizoandikwa, si jambo linalotokea lenyewe kwa kuwa kalenda imefika mwisho.

Linganisheni na Alert, kaskazini zaidi ya Eureka, kwenye nyuzi 82 na nusu. Sampuli za hewa kwa ajili ya kupima kaboni dioksidi zimekuwa zikichukuliwa pale tangu 1975, na kituo rasmi cha uangalizi wa angahewa kikafunguliwa mwaka 1986. Alert inaendeshwa na Wizara ya Mazingira yenyewe, karibu na kambi ya jeshi, kwa watumishi walioajiriwa na kwa fungu linalokuja kila mwaka bila kuandikiwa ombi la ushindani. Sidai kwamba haijawahi kubanwa. Kila fungu la serikali hubanwa. Hata hivyo kubanwa ni jambo moja, na kulazimika kila baada ya miaka michache kuthibitisha upya kwamba unastahili kuwepo, mbele ya jopo linalouliza una jambo gani jipya, ni jambo jingine kabisa. Kipimo cha muda mrefu hakina jipya. Ubora wake wote umo katika kufanya kilekile, kwa chombo kilekile au kilichooanishwa nacho, mwaka hadi mwaka, na jopo la ushindani linalotafuta ubunifu litakipa alama za chini hata kama wajumbe wake wote ni watu waadilifu na werevu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni la taaluma yangu hasa, yaani tarehe 31 Machi.

Mwaka wa fedha wa Kanada huisha siku hiyo. Huko Eureka jua hupotea mwezi Oktoba na kurudi karibu tarehe 21 Februari. Katika miezi ile ya giza, baridi ya angahewa ya juu hutengeneza mawingu ambayo juu yake kemikali zenye klorini hubadilika na kuwa tayari kushambulia. Jua linaporudi ndipo zinapoanza kuila ozoni. Ndiyo maana tangu 2004 wanasayansi wa Kanada hupanda Eureka kila mwaka kati ya Februari na Aprili kwa kampeni ya vipimo, ambayo pia husaidia kuhakiki taarifa za setilaiti ya SCISAT. (Setilaiti hiyo, kwa wasioijua, ilirushwa Agosti 2003 kwa kazi ya miaka miwili, na zaidi ya miaka 20 baadaye ilikuwa bado inatuma vipimo. Laiti kila mradi tunaoulipia ungekaidi muda wake namna hiyo.) Kwa maneno mengine, wiki ambazo sayansi inazihitaji kuliko zote zinakatwa katikati na siku ya kufunga hesabu.

Ruzuku za mabaraza zina nafuu, kwa sababu chuo hushikilia bakaa na kuendelea nayo ndani ya muda wa ruzuku. Tatizo kubwa liko kwenye mikataba ya michango kutoka wizara na mashirika ya serikali, ambayo kwa kawaida hufungwa kwenye mwaka wa fedha: kisichotumika hadi 31 Machi kinarudi Hazina. Nieleze inavyokuwa mezani. Fundi anaondoka Machi na kurudi Aprili, kama hali ya hewa ya Resolute, kijiji cha Nunavut ambako ndege hupitia, itaruhusu ndege kuruka. Safari yake moja lazima igawanywe vipande viwili, cha mwaka huu na cha mwaka ujao, ilhali mkataba wa mwaka ujao bado haujatiwa saini na hautasainiwa mpaka kiangazi. Kwa hiyo nusu ya pili ya safari inalipiwa na akaunti ambayo haipo. Chuo chenye moyo na akiba hubeba hatari hiyo. Chuo kisicho na akiba humwambia mtafiti arudi mapema. Wakati huohuo, mwishoni mwa Machi, naletewa hati za kununua vitu ambavyo havihitajiki leo, kwa sababu fedha zikibaki zitapotea na mwaka ujao mtaalamu wa wizara atasema mlipewa nyingi mno. Nimeidhinisha manunuzi ya namna hiyo, yote halali na yenye risiti, na mkaguzi hakuona kosa. Mlipakodi angeona.

Halafu kuna meli. Mizigo mizito ya Eureka huenda kwa meli, mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi barafu inapolegea. Ili mtungi wa gesi au betri kubwa iingie kwenye meli hiyo, lazima iagizwe miezi mingi kabla. Mkataba unaosainiwa Julai umeshaikosa meli, na kilichokosa meli husafirishwa kwa ndege kwa gharama ambayo sitaki hata kuitaja hapa kabla ya chakula. Fedha zilezile, zikitolewa Januari badala ya Julai, zingenunua vitu vingi zaidi, na hakuna mtu yeyote ambaye angepungukiwa.

Mpango wa Polar Continental Shelf, ambao tangu 1958 umekuwa ukiwapatia watafiti ndege, mafuta, zana za kambini na malazi huko Resolute, ni miongoni mwa mambo ambayo Kanada imeyafanya vizuri, na nasema hivyo kwa kuwa nimeona ankara za wale wanaokwenda bila msaada wake. Lakini ombi la ndege huamuliwa na ofisi moja, ombi la sayansi na ofisi nyingine, kibali cha kufanya utafiti hutolewa na Taasisi ya Utafiti ya Nunavut, na ratiba hizi hazijakaa pamoja. Mtafiti anaweza kushinda ruzuku akakosa ndege. Anaweza pia kupewa saa za ndege kisha ruzuku ikakataliwa, na saa hizo zikakosa mtu wa kuzitumia wakati mwingine anazililia. Mwaka 2000 kikosi kazi cha mabaraza mawili ya ruzuku, la sayansi na la sayansi za jamii, kiliripoti kwamba utafiti wa Kaskazini ulikuwa kwenye mgogoro baada ya bajeti za miaka ya 1990 kukatwa. Mengi yalitendeka baada ya taarifa ile, na kwa Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa 2007 na 2008 serikali ilitoa dola milioni 150. Lakini mwaka wa kimataifa, hata ukiwa mrefu, huisha, na waliofunzwa kwa fedha hizo wakaanza kutafuta kazi kwingine.

Huenda mtaniuliza kama kuna mfano wa jambo hili kufanywa ipasavyo. Upo, tena ndani ya serikali yenu. Mpango wa Uchafuzi wa Kaskazini ulianzishwa mwaka 1991, baada ya vipimo vya miaka ya 1980 kuonyesha kemikali za viwandani na za kilimo katika vyakula vya asili vya watu wa Kaskazini na katika maziwa ya kina mama wa Inuit, wenyeji wa asili wa Aktiki, watu ambao hawakuwahi kuzitengeneza wala kuzinyunyiza. Mpango ule ulifanya mambo mawili ambayo mipango mingi haifanyi. Uliweka vipimo vya mfululizo, miaka nenda miaka rudi, kwa sili, nyangumi weupe, samaki na ndege. Na uliwaweka wawakilishi wa Inuit na wa Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wengine wa asili wa Kanada, kwenye kamati ya usimamizi, mahali fedha zinapogawiwa, si kwenye warsha ya kuelezwa matokeo.

Matunda yake yalifika Nairobi. Mwezi Januari 1999, kwenye makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ulifanyika mkutano wa pili wa kujadili mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali sugu. Sheila Watt-Cloutier, aliyekuwa akiongoza tawi la Kanada la jumuiya ya Inuit wa nchi za Aktiki, alimkabidhi Klaus Töpfer, mkuu wa shirika hilo, kinyago cha Inuit cha mama na mtoto, na kinyago hicho kikawa kikiwekwa mezani mbele ya mwenyekiti katika vikao vilivyofuata. Mkataba ulipitishwa Stockholm mwaka 2001, na dibaji yake inazitaja jamii za Aktiki. Uliruhusu DDT iendelee kutumika kudhibiti mbu wa malaria, na wajumbe wa Inuit wenyewe hawakutaka afya ya watoto wao inunuliwe kwa afya ya watoto wa nchi za joto. Hayo yote yalisimama juu ya takwimu. Bila vipimo vya mfululizo, kinyago kingebaki kuwa zawadi nzuri, na wawakilishi wa viwanda wangeuliza ushahidi uko wapi.

Zebaki nayo ilifuata njia hiyohiyo. Mkataba wa Minamata wa 2013 unataja udhaifu wa kipekee wa Aktiki, na chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa hewani na binadamu ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, wa aina inayofanyika Geita na kwingineko duniani, ambako mchimbaji huchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye sahani ya bati na kuvuta moshi wake. Huyo ndiye anayeumia kwanza. Sehemu ya moshi huo huzunguka dunia na kutua baharini, na mwisho wake huonekana kwenye nyama ya sili. Ikiwa mikataba hii inafanya kazi au haifanyi, jibu litatoka kwenye vipimo vya Kaskazini vya mwaka 2030 na 2040 vikilinganishwa na vya 1995, mradi tu asitokee mtu wa kuviacha vikatike katikati.

Na kuna mayai. Tangu 1975 wanasayansi wa wanyamapori wa Kanada wamekuwa wakikusanya mayai ya ndege wa baharini katika kisiwa cha Prince Leopold, Nunavut, na sehemu ya sampuli hizo huhifadhiwa kwenye majokofu huko Ottawa. Walioyakusanya mayai ya kwanza walikuwa wakitafuta DDT na jamaa zake. Miaka mingi baadaye dunia ilipoanza kuhofia kemikali za kuzuia moto zinazowekwa kwenye magodoro na kompyuta, kilichohitajika kilikuwa kufungua jokofu na kupima mayai ya zamani, na historia yote ya kemikali hizo ikajitokeza, mwaka baada ya mwaka. Hakuna jopo la ruzuku la mwaka 1975 ambalo lingeweza kuandikiwa faida hiyo kwenye ombi, kwa sababu hakuna aliyeijua. Fedha za jokofu lile zilikuwa matumizi ya kawaida: umeme, rafu, mtunza kumbukumbu. Ningependa kila mjumbe wa Bodi ya Hazina, kamati ya mawaziri inayosimamia matumizi ya serikali, apelekwe kuliona kabla ya kupitisha makadirio.

Ninachoomba, basi, ni kwamba vituo vya vipimo vya muda mrefu na hazina za sampuli za Aktiki viorodheshwe kwa majina, na orodha hiyo iwe na fungu lake katika makadirio ya kila mwaka, chini ya wizara moja inayowajibika Bungeni. Vitathminiwe kila baada ya miaka kumi, kwa vigezo vya ubora wa takwimu, uwazi wake na matumizi yake, si kwa vigezo vya ubunifu. Kikionekana kimoja hakifai, kipewe notisi ya miaka miwili, mpango wa kuhifadhi takwimu zake, na saini ya waziri. Ushindani ubaki kwa maswali mapya, ambako ndiko unakofaa, na mtafiti kijana mwenye wazo jipya aende Eureka akakute umeme unawaka. Najua hoja ya upande wa pili: fungu la kudumu huzaa uvivu, na kituo kisichoogopa kufa hulala. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Nimeona akaunti za kudumu zilizolala usingizi wa pono. Lakini dawa ya uvivu ni tathmini kali yenye meno, na kituo kinachotumia mwaka mzima kati ya mitano kuandika maombi ya kujiokoa hakifanyi kazi zaidi ya kile kilicholala.

Naomba pia mikataba ya michango kwa kazi za Aktiki ivuke tarehe 31 Machi bila kukatika, isainiwe kabla ya msimu wa kuagiza mizigo ya meli, na uamuzi wa ndege na wa sayansi utolewe mwezi mmoja.

Kuhusu nani ashike fedha, jambo hili halihitaji mimi nilianzishe, maana wenyewe wameshalisema. Mwezi Machi 2018 Inuit Tapiriit Kanatami, chama cha kitaifa cha Inuit wa Kanada, ambao ni zaidi ya watu 70,000, kilitoa mkakati wake wa utafiti kikitaka Inuit washiriki katika uongozi wa utafiti, fedha zifuate vipaumbele vyao, na takwimu zinazohusu ardhi na miili yao ziwe chini ya mamlaka yao. Ninachoweza kuongeza ni ushahidi wa mhasibu. Nunavut haina chuo kikuu chake, na kanuni za ruzuku ziliandikwa kwa kudhani kwamba mpokeaji wa fedha ni chuo kikuu. Kwa hiyo fedha za kupima barafu ya Nunavut huingia benki za Kusini, gharama za usimamizi hubaki Kusini, na kinachofika kijijini hufika mwisho, tena kwa kuchelewa. Mwindaji aliyewalinda wanafunzi dhidi ya dubu kwa siku kadhaa, akitumia pikipiki yake ya theluji na petroli aliyoinunua mwenyewe kwa bei ya huko, hutuletea karatasi iliyochanwa kwenye daftari yenye jumla na sahihi yake. Mfumo wa malipo unataka namba ya msambazaji, ankara iliyochapwa na akaunti ya benki, wakati vijiji vingi vya Nunavut havina tawi la benki hata moja. Analipwa baada ya miezi. Watafiti wenye utu humlipa kutoka mfukoni, kisha nao huja kwangu kuhangaikia kurudishiwa. Suluhisho si gumu: masurufu yashikwe na jumuiya ya wawindaji ya kijiji, na itoe hesabu kila robo mwaka kama mtu mwingine yeyote.

Wala si nadharia kwamba jamii zinaweza kuendesha vipimo vyenyewe. SmartICE, iliyoanzia Nunatsiavut, eneo la Inuit huko Labrador, huwafunza vijana wa vijijini kuburuta nyuma ya pikipiki ya theluji sleji yenye chombo cha kupima unene wa barafu ya bahari, na ramani zinazotokana na vipimo hivyo hutumiwa siku hiyohiyo na anayekwenda kuvua. Mpimaji anaishi hapohapo na hahitaji tiketi ya ndege wala kukodishiwa kambi, na Machi 31 ikifika hana mahali pa kurudi kwa sababu yuko kwake. Katika eneo ambalo limekuwa likipata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979, sioni uwekezaji wa bei nafuu kuliko huo.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2020, ozoni ya Aktiki ilishuka tena, safari hii hadi kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa huko. Baridi ya namna ile itarudi, mwaka ambao hakuna mwanasayansi anayeweza kuutaja leo, na jopo lolote la ruzuku haliwezi kupanga ratiba yake kuufuata.

Ningeshukuru kupata jibu la maandishi kwa swali hili: kati ya ofisi nilizozitaja mwanzoni mwa barua hii, ni ipi ambayo mkuu wake ataulizwa Bungeni siku ambayo kipimo cha Aktiki cha miaka mingi kitakatika? Kama ipo, itajwe hadharani pamoja na fungu lake. Kama haipo, iteuliwe kabla makadirio ya mwaka ujao hayajawasilishwa, ili mwezi Machi nikiulizwa na fundi aliye juu ya mlima kama anaruhusiwa kubaki hadi Aprili, niwe na mtu wa kumpigia simu.

Wenu katika utumishi wa fedha za umma,

Mhasibu wa ruzuku za utafiti,
Ontario, Kanada